"Ile Pesa": Uhakiki wa Lugha ya Tapeli

Kuna matini moja ya Kiswahili ambayo yamkini imesomwa na watu wengi kuliko riwaya zetu nyingi zilizochapishwa, lakini wahakiki wameipa kisogo. Urefu wake haufiki maneno kumi na tano. Haina jina la mtungaji. Huja katika simu ikiwa ujumbe mfupi, na kwa umbo lake la kawaida husema: "Ile pesa tuma kwa namba hii, jina litakuja la fulani." Wakati mwingine ni "hela" badala ya "pesa", wakati mwingine ni "kwenye" badala ya "kwa", na mtungaji wa Nairobi huweza kupindua mpangilio akaandika "hii namba". Mabadiliko hayo madogo tutayarudia mwishoni. Makala haya yanakusudia kuitazama matini hii na jamaa zake kama anavyotazama mhakiki, yaani kuuliza maneno yake yanafanya kazi gani na yanamfanya msomaji wake kuwa nani. Tunafanya hivyo kwa sababu tunaamini kwamba maelezo yanayotolewa kila siku kuhusu kufaulu kwa ulaghai wa namna hii ni ya makosa, na kwamba makosa yenyewe ni ya usomaji.

Maelezo yaliyozoeleka ni mafupi: tapeli huwapata wenye tamaa. Magazetini, katika vipindi vya redio, hata katika vyumba vya wahadhiri, mtu akisikika ameibiwa kwa simu hapiti muda ila atatokea wa kutaja kwamba tamaa mbele, mauti nyuma. Methali ikishatajwa, mjadala hufungwa. Aliyeibiwa amekuwa mhusika wa hadithi ya maadili ambayo mwisho wake ulijulikana kabla haijaanza, na sisi wasikilizaji tumekwisha kupewa viti vya heshima.

Hebu basi maelezo hayo yapimwe kwa matini yenyewe. Tuseme ni tarehe tatu ya mwezi, na mama mmoja mpangaji wa chumba huko Likoni anadaiwa kodi. Jana alizungumza na mwenye nyumba, akamwahidi kwamba leo atalipa. Simu inalia, anasoma kwamba ile pesa aitume kwa namba hii. Anatuma. Hapo tamaa iko wapi? Mama huyu hakuahidiwa chochote. Hakuambiwa kwamba fedha zake zitazaa, wala kwamba ameshinda gari. Alikuwa na deni la haki, akatimiza ahadi, na akaitimiza siku ileile aliyoiahidi. Lau angalikuwa mtu wa kukwepa madeni, ujumbe ule ungalimpita kama upepo. Katika matini ya ulaghai iliyo mashuhuri kuliko zote Afrika Mashariki, anayenaswa ni mdaiwa mwaminifu. Nadharia ya tamaa, ambayo ilitarajiwa ieleze ulaghai wote, inashindwa kueleza mfano ulio karibu zaidi.

Tuitazame fani yake. Jambo la kwanza ni kitu ambacho hakimo: hakuna salamu. Kila aliyelelewa katika Kiswahili anajua kwamba mazungumzo na mtu usiyemfahamu hayaanzi bila ya kumjulia hali, na kwamba barua zetu za zamani zilikuwa zikimaliza nusu ya ukurasa kabla ya kufika katika haja. Mtu wa mbali husalimu. Asiyesalimu ni mmoja kati ya wawili: asiye na adabu, au yule ambaye mmekwisha kusalimiana naye asubuhi na sasa anaendeleza mazungumzo. Msomaji aliye na ahadi kichwani hawezi kufikiri la kwanza. Hufikiri la pili. Hivyo ule upungufu wa adabu, ambao ungetazamiwa kumtia msomaji shaka, ndio unaomtolea tapeli ushahidi wa ukaribu. Kadhalika kitenzi "tuma" kimesimama peke yake, hakina "tafadhali" wala "naomba". Ombi lina haja ya heshima kwa kuwa laweza kukataliwa. Anayekumbusha jambo lililokwisha kukubaliwa hana haja hiyo.

Jambo la pili, na hapa ndipo penye kiini, ni neno la kwanza. Kiswahili kina vionyeshi vya ngazi tatu, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza huvikariri: hii ya karibu na msemaji, hiyo ya karibu na msikilizaji au iliyokwisha kutajwa, ile ya mbali. Lakini "ile" ya ujumbe huu haipimi umbali wa mahali. Linganisha "pesa ile" na "ile pesa". Ya kwanza huweza kuandamana na kidole: pesa ile pale mezani. Ya pili, kionyeshi kikiwa kimetangulia nomino, kwa kawaida huelekea katika kumbukumbu: ile tunayoijua mimi na wewe. Kwa silabi mbili tapeli amedai kwamba kuna historia kati yake na msomaji, kwamba jambo fulani lilizungumzwa na likaafikiwa. Wala hakulisema dai hilo, amelichukulia kuwa limekwisha kuwapo. Na dai lisilosemwa ni gumu kukanusha kuliko lililosemwa. Angaliandika "nakudai pesa", msomaji angaliuliza "wewe nani?" na "tangu lini?" Anapoandika "ile pesa", swali pekee ambalo sarufi inamwachia msomaji ni "ipi?", nalo msomaji hujijibu mwenyewe upesi sana, kwa sababu ndiyo kazi ambayo kila msemaji wa lugha huifanya kutwa kucha pasipo kuhisi kwamba anafanya kazi. Tukikutana na kionyeshi, tunakitafutia kinachoonyeshwa. Mama wa Likoni alikitafuta, akakipata: kodi.

Kwa hiyo mtungaji wa matini hii hakutunga ila nusu. Nusu ya pili, yenye jina la mwenye nyumba, kiasi cha fedha, sababu na haraka, imetungwa na msomaji. Tapeli hakujua kama mama ana deni, wala hakujua kama yuko Likoni au Lodwar. Alituma maneno yaleyale kwa namba maelfu, na katika maelfu hayo wengi hawakudaiwa kitu siku ile, wakacheka, wakafuta. Wachache walikuwa na "ile" yao.

Baada ya hapo huja kifungu cha mwisho, "jina litakuja la fulani". Mfumo wa kutuma fedha kwa simu, tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi wa Machi 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, umezoeza watu kulitazama jina la mpokeaji. Jina likiwa geni, mtumaji ataduwaa. Tapeli analijua hilo, basi anajibu swali kabla halijaulizwa. Jina ambalo lingekuwa onyo sasa limegeuka uthibitisho: aliambiwa litakuja la fulani, na kweli limekuja la fulani! Sijui mtunzi yeyote wa mashairi ambaye angeona haya kwa ufundi wa namna hiyo wa kumtangulia msomaji.

Inafaa hapa kuufananisha ujumbe huu na barua ndefu za Kiingereza zilizopata jina la 419 kutokana na kifungu cha sheria ya jinai ya Nigeria. Barua hizo ni kizazi cha hila kongwe: katika karne ya 19 watu wa Ulaya na Marekani walikuwa wakipokea barua kuhusu mfungwa tajiri aliyefungiwa Hispania, ambaye angewagawia hazina yake wakimsaidia kwa gharama kidogo. Barua ya 419 ina salamu tele, ina ukoo, ina benki, ina mamilioni, na kwa msomaji makini haiaminiki hata chembe. Mnamo 2012 mtafiti Cormac Herley wa Microsoft alitoa hoja kwamba kutoaminika huko ndiko faida yake, kwani humwondolea tapeli wasomaji wenye shaka mapema, asije akapoteza siku nyingi kuandikiana na mtu ambaye mwishowe hatalipa. Hoja hiyo inatusaidia kwa kinyume. Barua ya 419 huchagua msomaji wake kwa kusema mengi mno. Ujumbe wetu huchagua kwa kusema machache mno. Ile huhitaji mtu aliye tayari kusadiki ajabu, na huu huhitaji mtu aliye na shughuli za kawaida. Kuziweka mbili hizi katika kapu moja lililoandikwa "tamaa" ni uhakiki mbovu.

Jamaa wa karibu wa matini hii ni stakabadhi ya uongo. Simu inapokea maneno yenye umbo la M-Pesa: tarakimu na herufi za mwanzo, "Imethibitishwa", kiasi, jina, saa, salio. Muda mfupi baadaye mtu anapiga. Sauti yake imekauka kwa hofu; anasema, mama, nimekosea tarakimu moja, hizo zilikuwa za dawa, nirudishie kwa hisani yako. Fedha hazikuingia, kilichoingia ni maandishi tu. Lakini "imethibitishwa" ni kitenzi katika kauli ya kutendwa kisichotaja mtendaji, na lugha ya ofisi imetuzoeza kuamini kwamba pasipo na mtendaji pana mamlaka. Nani amethibitisha? Hapaulizwi. Na hapa tena tutazame sifa ya anayenaswa: ni mtu asiyetaka kula kisicho chake. Mwenye tamaa angezima simu akakaa kimya, na asingepoteza hata senti. Mfano wa tatu, wa mzazi anayepigiwa simu na kuambiwa mwanawe ameumia shuleni na daktari anangoja malipo, hauhitaji hata kuchambuliwa kwa kipimo hiki.

Je, fasihi yetu haikulijua jambo hili? Ililijua zamani, ila sisi wahakiki tuliisoma kutoka upande mmoja. Katika hadithi ya Sultani Darai, iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 kati ya zile alizozikusanya Unguja, paa wa maskini mmoja aliyezoea kuchakura jaani anakwenda kwa sultani kuposa kwa niaba ya bwana wake. Hafiki mikono mitupu. Anafika na almasi, zawadi, kisha ndipo anapozungumza habari ya bwana mkubwa asiyeonekana. Baadaye anaeleza kwamba bwana huyo amevamiwa njiani na kunyang'anywa hata nguo, na sultani mwenyewe anatoa mavazi ya kumvika. Wasomaji hufurahia werevu wa paa. Ni nadra kumwuliza sultani. Tukimwuliza tutaona kwamba hakukosa akili: alipewa almasi ya kweli, na kutokana na almasi akajenga bwana anayestahili kuitoa. Uchi wa posa ulipohitaji maelezo, maelezo yalikuwa yamekwisha kuwa rahisi.

Kisa cha sufuria ya Abunuwasi kinakwenda mbali zaidi. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha pamoja na kisufuria kidogo, anasema imezaa. Jirani anapokea. Anaazima tena, na mara hii harudishi. Sufuria, asema, imekufa. Jirani akienda kushtaki huulizwa: uliyekubali kwamba sufuria huzaa, utakataaje kwamba hufa? Kwa kawaida kisa hiki hufundishwa shuleni kama karipio la tamaa ya jirani, na hatukatai kwamba tamaa imo. Lakini kilichomfunga jirani ni kukubali kwake kwa kwanza. Kisufuria kilikuwa cha shaba kweli, kilishikika. Aliyekwisha kupokea uzao hana tena mahali pa kusimama ili akanushe uzazi.

Kisa hicho kina nadharia nzima ya miradi iliyowaliza watu wa nchi hizi katika karne hii. Charles Ponzi wa Boston, ambaye jina lake limebakia katika lugha nyingi, aliahidi mwaka 1920 faida ya asilimia 50 kwa siku 45, na wa mwanzo walilipwa. Walilipwa kwa fedha za waliofuata. Kenya iliona miradi ya jinsi hiyo ikianguka mmoja baada ya mwingine mnamo 2006 na 2007, na mwaka 2009 serikali ikaunda jopo la kuichunguza. Mwaka huohuo Tanzania ilisimamisha DECI, ambayo viongozi wake walipatikana na hatia katika mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, mwaka 2013. DECI ni hazina kwa mhakiki wa lugha. Mwanachama hakuweka amana, "alipanda mbegu". Hakulipwa riba; "alivuna". Msamiati huo ulitoka shambani ukapitia mimbarini, na katika kupita kwake ulipoteza swali ambalo kila mkulima hulijua: mmea umeota katika udongo gani? Fedha iliyoitwa amana ingeulizwa imekopeshwa nani. Fedha iliyoitwa mbegu haiulizwi, kwani mbegu huota yenyewe.

Hesabu haina istiari. Mradi ambao kila anayeingia hana budi kuleta watu watano utahitaji, katika ngazi ya kumi na moja peke yake, watu 48,828,125. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296, pamoja na watoto wachanga.

Kuhusu jina tuna jambo moja la kusikitikia. Mashtaka yale ya Tanzania yaliitwa ya kuendesha upatu. Upatu, kama kamusi zetu zinavyoeleza, kwanza ni chombo cha shaba kinachopigwa kama ngoma, na kisha ni mchango wa zamu ambao kina mama wa pwani na bara wamejitolea riziki kwao kwa vizazi: kila mmoja hutoa, mmoja hupokea, duara hurudi. Katika upatu wa kweli wanachama ni wale wale, wanajuana kwa nyuso, na jumla ya kitolewacho ni sawa na jumla ya kipokelewacho. Mradi wa piramidi hauna hata moja katika sifa hizo ila mfano wa sura. Tapeli aliazima jina jema ili apate kuaminika, kama alivyoazima umbo la stakabadhi. Sheria ilipokuja kumwadhibu ililiacha jina katika mikono yake. Sasa mwanamke wa Tanga akisema yumo katika upatu, hana budi aongeze maelezo. Wizi huu wa neno haukuingia katika hati yoyote ya mashtaka.

Tukigeukia lugha tunayoitumia juu ya waliopatwa, twaona hali haina nafuu. Mitaani husemwa mtu "ameingizwa mjini", yaani alikuwa mshamba hadi jana. Au "amelizwa", na neno hili angalau linakiri kwamba kuna machozi na kuna mlizaji. Lugha rasmi ndiyo inayotisha. Matangazo ya kuonya umma hupenda sana kusema "msidanganyike", "wananchi wasikubali kulaghaika". Mwanasarufi atambue hapa kauli ya kutendeka. "Amedanganywa" huruhusu swali "na nani?" "Amedanganyika" hairuhusu, imemfuta mtendaji, na kosa limekaa ndani ya yule aliyepatwa kama ufa ndani ya chungu. Husemi "chungu kimepasuka na nani". Kwa kiambishi kimoja tangazo limemwachilia tapeli na kumshika mama wa Likoni. Kisha watoa matangazo wanashangaa kwamba walioibiwa hawaendi kuripoti! Ni nani atakayekwenda kituoni kutangaza kwamba yeye ni kitu kinachodanganyika?

Tena matangazo hayo, yakitazamwa kama matini, yameandikwa vibaya kuliko ujumbe wanaoupinga. Ni marefu, aghalabu yametafsiriwa kutoka Kiingereza, yanaanza na jina la idara na kumalizika kwa kumtaka mteja "awe makini wakati wote", jambo ambalo halimwezekani binadamu. Tapeli ameijua lugha ya mazungumzo ya watu. Mwonyaji ameijua lugha ya faili. Hata katika neno dogo tofauti huonekana: tangazo la Kenya litaandika "nambari", kama walimu wanavyotaka, na tapeli ataandika "namba", kama shangazi anavyosema. Ikiwa onyo lingefundisha jambo moja tu, yaani kuijibu "ile pesa" kwa "ipi?" kabla ya kutuma, lingekuwa fupi kama ujumbe wenyewe na lingegusa mahali penyewe. Swali hilo humrudishia tapeli nusu ya utunzi aliyomwachia msomaji, naye hana cha kuijazia.

Hapo pana kazi kwa idara kama zetu, nayo ni ya kukusanya. Tumekusanya ngano, vitendawili na nyimbo za harusi. Matini hizi hatujazikusanya, hali zina lahaja zake na historia yake. Umbo lenye "hela" na "kwenye" lina harufu ya Tanzania, na lenye "hii namba" lina harufu ya Nairobi. Umbo la kwanza likionekana katika simu ya mtu wa Kakamega, msomaji aliye na sikio la lugha huhisi kwamba mwenye nyumba wake hajapata kusema hivyo. Mkusanyo wenye tarehe ungetuonyesha lini "jina litakuja" iliongezwa, na iliongezwa kujibu kinga gani. Ugumu ni kwamba matini hizi hazikai. Asiyenaswa huifuta kwa kuwa ni takataka, na aliyenaswa huifuta siku ileile, mara nyingi kabla ya mumewe au watoto kurudi nyumbani.